Kanuni ya Pachelbel: kipande kilicholala miaka mia mbili kikaamkia harusini

Muulize mpiga kinanda anayepiga kwenye harusi za Ulaya au Marekani ni kipande gani anachoombwa kila mara bibi harusi anapoingia kanisani. Kuna uwezekano mkubwa atakujibu: Kanuni ya D (D ni ufunguo wa muziki), ya mtunzi Mjerumani Johann Pachelbel. Na kwenye harusi hizohizo utasikia watu wakisema kwa fahari kwamba huu ni muziki uliopendwa kwa zaidi ya miaka mia tatu.

Hapo kwenye miaka mia tatu ndipo ninapokataa. Kipande chenyewe ni cha umri huo, ndiyo, lakini mapenzi ya watu kwake siyo. Kwa miaka mia mbili na ushee kilikuwa kimelala kwenye karatasi, hakuna aliyekiulizia. Umaarufu wake ulianza mwishoni mwa miaka ya 1960, na walioushuhudia ukianza wengine bado wako hai. Nimekuwa nikikisikiliza kipande hiki kwa miaka mingi, na naona kisa chake kinapendeza zaidi kikisimuliwa kama kilivyotokea kuliko kikipambwa.

Tuanze na karatasi. Nakala ya zamani kuliko zote iliyopo inatunzwa katika Maktaba ya Serikali ya Berlin, namba Mus. MS 16481/8. Ukisikia hivyo unaweza kudhani ni mwandiko wa Pachelbel mwenyewe. Sivyo. Ni kazi ya mnakili wa karne ya 19, wakati Pachelbel ana zaidi ya miaka mia moja kaburini. Hati ya mkono wake haijawahi kupatikana, wala tarehe ya utunzi haikuandikwa popote. Uzi uliotuletea muziki huu ulikuwa mwembamba kiasi hicho. Mnakili yule angeamua siku ile kufanya jambo jingine, huenda leo tusingekuwa na cha kuzungumza.

Pachelbel mwenyewe hakuwa mtu wa kusahaulika. Alibatizwa Nürnberg tarehe 1 Septemba 1653, akiwa kijana akaenda Vienna kupiga kinanda katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Stefano, kisha mwaka 1678 akapata kazi Erfurt, katika kanisa la Predigerkirche. Alikaa huko miaka 12. Oktoba 1681 alimwoa Barbara Gabler, na miaka miwili haijatimia vizuri, tauni ikaingia mjini ikamchukua Barbara na mtoto wao mchanga. Mwaka huohuo wa 1683 Pachelbel alichapisha tungo za kinanda za kutafakari kifo, zilizojengwa juu ya tenzi za kanisa. Mwaka uliofuata alimwoa Judith Drommer, wakajaliwa watoto, na baadhi yao wakawa wasanii: Amalia akawa mchoraji, na Charles Theodore akavuka bahari kwenda makoloni ya Marekani kufanya kazi ya muziki.

Aliheshimika kama mpiga kinanda na kama mwalimu. Aliacha fuga (tungo ambamo sauti huingia moja baada ya nyingine zikifuatana) zaidi ya 90 za kutangulia Magnificat, wimbo wa Bikira Maria, na mwaka 1699 akachapisha kitabu cha tungo zenye mageuzi, yaani wimbo mmoja kurudiwa kwa namna tofauti, kiitwacho Hexachordum Apollinis. Alifia Nürnberg Machi 1706, akiwa mpiga kinanda wa kanisa la Mtakatifu Sebald. Wakati wake, mtu akitaja jina la Pachelbel alikuwa anataja kinanda. Muziki wake wa fidla ulikuwa wa vikao vya watu wachache chumbani, na mwingi umepotea.

Sasa kipande chenyewe, na hapa naomba msomaji anipe nafasi, kwa sababu wengi wanaokipenda hawajawahi kuonyeshwa kinavyofanya kazi.

Neno lenyewe ni letu pia. Kanuni ya Kiswahili tumeipata kwa Waarabu, nao waliipata kwa Wagiriki, ambao kwao lilimaanisha fimbo ya kupimia, kisha sheria. Watu wa Ulaya Magharibi walilichukua neno hilohilo wakalipeleka kwenye muziki. Hata kile chombo cha taarab ya Unguja chenye nyuzi nyingi, kinacholazwa mapajani na kudonolewa kwa vidole, kinaitwa kanuni, na jina limetoka kisima kimoja. Kwa hiyo ninapoandika Kanuni ya Pachelbel sioni kama natafsiri. Nalirudisha neno kwa ndugu zake.

Katika utunzi, kanuni ina maana ya sheria moja kali: anachopiga wa kwanza, wa pili atakipiga vilevile baadaye kidogo, bila kubadili hata nota moja. Wengi tumeimba hivyo darasani tukiwa wadogo. Mstari wa mbele unaanza, ukifika ubeti wa pili mstari wa kati unaingia na mwanzo, kisha wa nyuma, na mwalimu anapita akizuia watu wasichukuane sauti.

Pachelbel alitumia fidla tatu na besi. Besi ni sauti ya chini kabisa; hupigwa na chelo, ndugu mkubwa wa fidla mwenye sauti nzito, na hapsikodi (kinanda cha zamani chenye nyuzi zinazodonolewa) au kinanda hujazia juu yake. Nota za besi ni nane tu, na mwanakwaya anayesoma solfa ataziona hivi: do, so, la, mi, fa, do, fa, so. Hizo nane hujaza vipimo viwili, yaani vigawanyo viwili vya muziki vyenye mapigo manne manne, kisha zinaanza upya. Zinarudiwa mara 28. Mpiga chelo hana kitu kingine: nota 224, halafu moja ya kufungia.

Besi inapita mara ya kwanza peke yake. Ikianza mara ya pili, fidla ya kwanza inaingia kutoka juu: mi, re, do, ti, la, so, la, ti. Ni ngazi inayoshuka hatua kwa hatua, na inapokaribia chini inageuza uso. Mzunguko wa tatu, fidla ya pili inaingia na ngazi hiyohiyo, lakini ya kwanza imeshahamia kwingine: do, ti, la, so, fa, mi, fa, re. Hebu ziandike kwenye karatasi, moja juu ya nyingine. Mi inakutana na do, re inakutana na ti, do inakutana na la. Aliyewahi kusimama kwenye kwaya anaijua hali hiyo: ni sauti ya kwanza na ya pili zikishuka bega kwa bega. Lakini hapa hakuna aliyepewa sauti ya pili. Kila mmoja anapiga wimbo uleule mmoja, na kupatana kwao kumetokana na saa waliyoingia tu. Kisha fidla ya tatu inaingia, na mambo yanazidi kujaa.

Mkiwa watu wanne nyumbani mnaweza kujaribu kwa midomo. Mmoja ashike besi asiiachie, hata akichoka. Wa pili aanze ngazi, wa tatu amfuate besi ikirudi mwanzo, wa nne vilevile. Mtakosea mara tatu au nne. Ikikaa sawa mtaiona nyumba imepanuka.

Kuanzia hapo nota zinazidi kugawanyika. Zile ndefu za mwanzo zinakatwa mara mbili, zinakatwa tena, mpaka katikati fidla zinakimbia na mbio za nota ndogondogo, huku besi chini ikitembea mwendo uleule wa mtu asiye na haraka. Halafu kasi inapungua na fidla zinaanza kuruka, juu na chini, kana kwamba zinajibizana. Vipimo vyote ni 57. Kutunga wimbo mmoja ambao kila vipimo vyake viwili vinapatana na viwili vilivyotangulia, na viwili vya kabla ya hivyo, na besi moja isiyobadilika, ni kazi ya fundi. Wanaokiita kipande chepesi wameisikia besi tu.

Baada ya Kanuni aliandika ngoma fupi ya kuchangamka katika ufunguo uleule, iitwayo jigi. Viwili hivyo ni kazi moja, na katika orodha za kazi zake vimeandikwa pamoja: Kanuni na Jigi kwa fidla tatu na besi. Leo jigi haipigwi harusini wala haimo kwenye mikusanyo mingi ya santuri. Inaniuma kidogo. Ni ngoma nzuri, na aliyezisikia zikifuatana anaelewa kwamba Pachelbel hakutaka watu wabaki na ule utulivu tu, alitaka wainuke.

Kuhusu alikiandika kwa ajili ya nani, kuna hadithi moja inayopendwa sana, nayo ni ya harusi. Tarehe 23 Oktoba 1694, Johann Christoph Bach alifunga ndoa katika mji wa Ohrdruf. Huyu alikuwa mwanafunzi wa Pachelbel huko Erfurt, na ndiye kaka mkubwa wa mtunzi mashuhuri Johann Sebastian Bach, aliyekuwa na umri wa miaka tisa wakati ule. Pachelbel alikuwepo, na muziki ulipigwa. Mtafiti Mjerumani Hans-Joachim Schulze alipendekeza kwamba huenda Kanuni iliandikwa kwa siku hiyo. Ni dhana nzuri, na wauza santuri wameishika kwa mikono miwili. Lakini hakuna karatasi inayoithibitisha. Mimi ningeipenda iwe kweli, na kwa sababu hiyohiyo naishika kwa tahadhari: inafanana mno na kile tunachotaka kukisikia.

Kilichothibitika ni kwamba mwaka 1919 msomi Gustav Beckmann aliichapisha Kanuni ndani ya makala kuhusu muziki wa chumbani wa Pachelbel. Ilikuwa habari ya wasomi kwa wasomi. Mwaka 1929 Max Seiffert akatoa toleo la kupigia, na mwaka 1940 kiongozi wa okestra Arthur Fiedler akairekodi Marekani. Hakuna kilichotokea. Miaka mingine karibu 30 ikapita.

Halafu akaja Jean-François Paillard. Alikuwa kiongozi wa okestra ndogo ya Kifaransa iliyobeba jina lake, mpenzi wa muziki wa Baroko (wa Ulaya wa takriban miaka ya 1600 hadi 1750) wakati ambapo wengi bado waliuona kama kazi ya makumbusho. Rekodi yake ya Kanuni, iliyotoka mwaka 1968 kwa kampuni ya Erato, ndiyo iliyogeuza kila kitu. Na haikugeuza kwa kufuata karatasi.

Paillard aliipunguza mwendo sana. Wapigaji wanaofuata mtindo wa zamani, kama kundi la Musica Antiqua Köln la Reinhard Goebel, huimaliza Kanuni kwa takriban dakika tatu. Yeye alitumia takriban saba. Fidla tatu za watu watatu alizigeuza kundi zima la vyombo vya nyuzi. Akaandika sauti za ziada ambazo Pachelbel hakuziandika, na akaweka nyuzi zinazodonolewa kwa vidole, tone kwa tone, zikipita katikati ya zile ndefu zinazovutwa kwa upinde. Iliyokuwa kazi nyepesi ya kuchezea sheria ikawa kama mto mpana unaoanza kwa kijito. Ukisikia leo mtu anasema anaipenda Kanuni ya Pachelbel, tisa kati ya kumi anaipenda Kanuni ya Paillard bila kumjua.

Mwaka huohuo wa 1968, kundi la Wagiriki waliokuwa Paris, Aphrodite's Child, likiwa na Vangelis na Demis Roussos, lilitoa wimbo wa Rain and Tears juu ya msingi wa Kanuni, ukavuma Ulaya. Kwa hiyo besi ile ilitokea mtaani karibu wakati mmoja na ilivyotokea kwenye santuri za muziki wa kale.

Moto wenyewe ulishikia San Francisco. Mwaka 1970 kituo kimoja cha redio cha muziki wa kale mjini humo kilipiga rekodi ya Paillard, na wasikilizaji wakaanza kuiomba tena na tena hadi kituo kikazidiwa. Nikiwaza watu wale nawaona wamesimamisha gari pembeni, mkono uko kwenye swichi ya redio, wanasubiri mtangazaji ataje jina. Hawakuambiwa na mtu kwamba ni muziki mkubwa. Hakukuwa na tangazo, wala mwalimu, wala tuzo. Masikio yao yaliwatosha.

Kampuni za santuri zilipoona hivyo zikachangamka. Mwaka 1974 London Records ilichukua rekodi ya mwaka 1961 ya Stuttgart Chamber Orchestra, santuri ambayo mwanzoni iliuzwa kwa jina la mtunzi Mwitalia Corelli na Kanuni ikiwa imewekwa ndani tu kama kiongezo. Wakabadilisha jalada, wakaandika jina la Pachelbel kwa herufi kubwa na maelezo kwamba hii ndiyo rekodi iliyokifanya kipande kiwe maarufu. Haikuwa kweli, kwa sababu iliyokifanya maarufu ilikuwa ya Paillard. Lakini iliuzwa, na iliuzwa sana. Mgeni wa jana alikuwa amekabidhiwa nyumba.

Mwaka 1980 filamu ya Robert Redford, Ordinary People, iliitumia Kanuni kama muziki wake mkuu. Filamu ile ni ya familia iliyofiwa na mtoto. Ikashinda Oscar ya filamu bora, na Kanuni ikaingia nyumba ambazo hazikuwa na santuri hata moja ya Baroko. Jambo hili hunifikirisha: kipande tunachokiita cha harusi kiliingia kwa umma mpana kupitia msiba. Na hakuna aliyeona ajabu. Muziki wenyewe haukuambii ulie wala ucheke. Unatembea tu, na kila mtu anatembea nao na lake moyoni.

Kwa nini hasa harusi? Sababu za hisia zimesemwa sana. Mimi nataka niseme moja ya kazi, ambayo wapigaji wanaijua na wasikilizaji hawaijui. Bibi harusi hana saa. Gauni linaweza kukanyagwa mlangoni, baba akasimama kufuta machozi, mtoto wa maua akagoma katikati ya njia. Mpigaji anahitaji muziki unaoweza kurefushwa au kukatwa bila mtu kugundua. Besi ya Kanuni inarudi kwenye do kila baada ya vipimo viwili. Bibi harusi akifika mbele, mpigaji anasubiri mzunguko uishe, anatua kwenye do, na inaonekana kana kwamba mtunzi alipanga hivyo. Akichelewa, anazunguka tena. Ni vipande vichache mno vya muziki wa kale vinavyompa mtu uhuru huo. Tena hakina maneno, kwa hiyo hakimkwazi wa dhehebu lolote wala asiye na dini.

Walalamikaji hawakukosekana. Wapo wasomi waliosema Paillard alikipaka kipande sukari. Wapo wapiga chelo waliochoshwa na nota zao nane, na malalamiko yao yamekuwa mzaha unaojulikana dunia nzima. Nawaelewa wote wawili. Nikitaka kuisikia sheria ikifanya kazi, nasikiliza rekodi za haraka, fidla tatu tu, kila moja inasikika inapoingia na inapoifuata nyingine. Kwenye rekodi nzito ya nyuzi nyingi yule anayefuata anazama ndani ya anayefuatwa, na kanuni yenyewe inapotea masikioni. Hata hivyo siwezi kumlaumu Paillard. Bila mkono wake, zile rekodi za haraka zisingepata wa kuzisikiliza.

Kinachonishughulisha zaidi ni kile kinachochukuliwa na kinachoachwa. Baada ya miaka ya 1970 besi ile, au mfuatano wa kodi zake (nota zinazopigwa pamoja), umetokea katika nyimbo nyingi za pop. Mwanamuziki wa rap Coolio aliutumia waziwazi mwaka 1997 katika C U When U Get There. Mpiga piano George Winston alitunga mageuzi juu yake katika albamu yake December ya mwaka 1982. Mwaka 2005 mpiga gitaa wa Taiwan anayejulikana kama JerryC alisambaza toleo la gitaa la umeme, Canon Rock, na vijana wa nchi nyingi wakajirekodi vyumbani wakilipiga, wakishindana kwa vidole. Ni jambo la kufurahisha, na sina neno baya juu yao. Lakini tazama: karibu wote wamechukua besi na kuacha kanuni. Gitaa moja haliwezi kujifuata lenyewe. Wamebaki na sakafu ya nyumba, wakajenga juu yake vyumba vyao.

Kwa hiyo mara nyingine utakapokisikia, iache besi ijitunze yenyewe, maana haitapotea. Iache pia fidla ya kwanza. Itafute ya tatu, iliyoingia mwisho kuliko zote, vipimo vinne nyuma ya ya kwanza, na uifuate njia nzima. Itapita kila mahali ambapo wenzake wamepita, ngazi ile ya mwanzo, mbio za katikati, miruko ya baadaye. Lakini kipande kinaisha kwa wote kwa wakati mmoja, kipimo cha 57, na ya kwanza pekee ndiyo iliyofika mwisho wa wimbo. Ya pili imebakiza vipimo viwili. Ya tatu imebakiza vinne, inavishikilia hivyohivyo, na inatua pamoja na wenzake.